Namba za sukari ziandikwe pamoja na kipimo chake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nieleze jambo ambalo nusura liniondolee mama yangu mkubwa. Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari hapa Muheza, mwaka wa 22 sasa, na jambo lenyewe limo ndani ya mada ninayoifundisha kila mwaka kidato cha tatu: kugeuza gramu kuwa moli, na moli kuwa gramu. Wanafunzi huiona ni mada ya mtihani, ukishajibu swali umemaliza. Sasa nataka wasomaji wako wajue kwamba mada hii inaishi ndani ya mashine ndogo ya kupimia sukari, na kwamba ukurasa wako wa afya unaihitaji.

Mama mkubwa ana kisukari, huu ni mwaka wa tisa. Kila mwezi huenda kliniki, hutobolewa kidole, na muuguzi humwandikia namba kwenye daftari lake lililofunikwa kwa karatasi ya kaki: 7.4, 8.1, 6.9. Namba hizo anazielewa kama anavyoielewa bei ya machungwa. Ikiwa saba na kidogo, anarudi nyumbani uso umekunjuka. Ikigonga tisa, wiki nzima hataki kusikia habari ya maandazi.

Mwezi wa tatu mwanawe wa pili, kaka yangu anayefanya kazi Marekani, alimtumia mashine yake mwenyewe kwa mkono wa mtu aliyekuwa anakuja likizo. Mashine nzuri, ndogo kama kiberiti, na vijiti vyake vya kutosha. Tulimfundisha namna ya kuitumia, akaishika upesi. Sikuitazama kioo chake kwa makini, na hilo nalijutia hadi leo.

Jioni moja kabla ya chakula alijipima. Ikatoka 131.

Ubavuni mwa kabati lake amebandika kipande alichokikata kwenye ukurasa wa afya wa gazeti lako. Kinasema sukari ikivuka 11 ni hatari. Hakisemi 11 ya nini. Sasa fikiria, Mhariri, mtu aliyezoea saba, aliyeambiwa na gazeti kwamba kumi na moja ni hatari, anaona mia moja thelathini na moja. Alimeza vidonge viwili vya glibenklamidi, dawa yake ya kushusha sukari, badala ya kimoja, akaacha chakula mezani, akalala. Baadaye nilipomuuliza kwa nini hakuniita, alisema, "Sikutaka kukusumbua mwanangu, taa yako ilikuwa inawaka, nikajua unasahihisha."

Saa kumi alfajiri mjukuu wake alinigongea dirisha. Bibi anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka. Nilimkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, kanga imelowa jasho chapachapa, macho yanaangalia lakini hayanioni. Nilimpima kwa mashine ile ile. 52. Hapo ndipo nilipoyaona maandishi yaliyo pembeni ya namba, madogo kuliko punje ya mchele: mg/dL. Maana yake miligramu kwa desilita. Kliniki yetu inapima kwa mmol/L, yaani milimoli kwa lita. Nikagawa kichwani, 52 kwa 18. Haifiki hata tatu. Kwa kawaida mgonjwa wa kisukari akishuka chini ya 3.9 kwa kipimo cha kliniki, hiyo tayari ni sukari ya kushuka, na inataka kushughulikiwa papo hapo.

Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza. Nilikoroga vijiko vitatu vya sukari katika nusu glasi ya maji nikamnywesha taratibu, kichwa chake begani kwangu. Baada ya robo saa mashine ilisema 68. Nikampa tena, na kipande cha mkate. Kulipopambazuka tulikuwa kwenye bajaji kuelekea kituo cha afya, na tabibu alimbakiza pale hadi alasiri, kwa kuwa dawa ile hukaa mwilini saa nyingi na sukari yaweza kuporomoka tena hata baada ya kupanda.

Ile 131 iliyomtisha, kwa kipimo cha kliniki, ni 7.3. Namba ya kumkunjua uso.

Wengi wameniuliza hiyo 18 nimeitoa wapi. Sijaitoa hewani, na ndiyo sababu ya kukuandikia barua ndefu.

Mtu akienda dukani kununua misumari hapa kwetu, anauziwa kwa kilo. Kilo ya misumari ya inchi nne ni michache, unaweza kuihesabu umesimama. Kilo ya inchi mbili inajaza mfuko. Lakini fundi akipanda paa hagongei kilo, anagongea msumari mmoja mmoja, na bati linataka idadi yake. Kwa hiyo muuza duka anapima uzito, fundi anahitaji hesabu, na kati yao kuna jambo moja la lazima kulijua: msumari mmoja wa aina hiyo una uzito gani.

Dawa za kemia ziko hivyo hivyo. Mizani inatoa gramu. Mwili, na bika, na chupa ya maabara, vinafanya kazi kwa idadi ya molekuli. Molekuli ni ndogo mno, haziwezi kuhesabiwa moja moja, basi tumezifungia fungu. Wazee wetu wa pwani waliuza boriti za mikoko kwa korja, na korja ni ishirini. Vikombe tunanunua kwa dazeni, kumi na mbili. Moli nayo ni fungu, ila kubwa ajabu: takriban 602 ikifuatiwa na sifuri 21. Imeingizwa katika mfumo wa vipimo vya kimataifa mwaka 1971, na wakati huo ilielezwa kwa gramu 12 za kaboni-12. Tangu tarehe 20 Mei 2019 idadi yake imewekwa rasmi, haibadiliki: 6.02214076 mara kumi kwa kipeo cha 23. Tunaiita namba ya Avogadro, kwa heshima ya mwanasayansi wa Italia, Amedeo Avogadro.

Sasa korja ya boriti nene haina uzito sawa na korja ya fito. Moli ya sukari ya damu, glukosi, ina atomu za kaboni sita, haidrojeni kumi na mbili na oksijeni sita katika kila molekuli. Kaboni ni 12, mara sita ni 72. Haidrojeni ni 1, mara kumi na mbili ni 12. Oksijeni ni 16, mara sita ni 96. Jumlisha: 180. Basi moli moja ya glukosi ina gramu 180, na milimoli moja ina miligramu 180. Ukiwa na gramu na unataka moli, gawa kwa 180. Ukiwa na moli na unataka gramu, zidisha.

Rudi kwenye mashine ya mama mkubwa. Ilisema kuna miligramu 131 katika desilita moja ya damu. Desilita ni sehemu moja ya kumi ya lita, kwa hiyo katika lita nzima kuna miligramu 1,310. Gawa kwa 180, unapata milimoli 7.3 kwa lita. Kuzidisha kwa kumi halafu kugawa kwa 180 ni sawa na kugawa kwa 18 mara moja. Hiyo ndiyo 18 yetu. Hakuna siri nyingine.

Na tafadhali, msomaji asiichukue 18 hiyo akaigawia kila cheti cha maabara. Ni ya glukosi peke yake. Molekuli ya kolesteroli ni nzito zaidi ya mara mbili, moli yake ni kama gramu 387, kwa hiyo kolesteroli ya 200 kwa kipimo cha Marekani inagawiwa kwa 38.7, inatoka kama 5.2. Kreatinini, taka ya damu inayopimwa kuangalia figo, ina moli ya gramu 113, na namba yake kwenye cheti cha kwetu huwa ni ya maikromoli kwa lita, basi huko hugawi, unazidisha kwa 88.4. Kila kitu na uzito wa msumari wake. Nimemwona mtu mzima, msomi, akijilinganisha na mwenzake kwa simu, mmoja yuko Dar es Salaam na mwingine yuko Marekani, kila mmoja anamwonea mwenzake huruma bure.

Kosa la namna hii nimelitenda mwenyewe pia, tena nikiwa na shahada mkononi. Mwaka wangu wa pili kazini nilitayarisha mmumunyo wa sodiamu kaboneti kwa ajili ya mtihani wa vitendo wa majaribio. Moli moja ya kaboneti kavu ni gramu 106. Nilihitaji moli 0.05 kwa lita, kwa hiyo nikapima gramu 5.3, sawasawa kabisa, mizani imetulia. Wanafunzi wakaanza kudondosha asidi ya haidrokloriki ya moli 0.1 kutoka kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye alama za ujazo. Wangepaswa kufika sentimita za ujazo 25 ndipo methili oranji, ile rangi inayoonyesha asidi imetosha, igeuke. Ikageuka kwenye tisa na kidogo. Meza ya kwanza tisa, meza ya pili tisa, darasa zima tisa. Msichana mmoja wa meza ya dirishani alinyoosha mkono akaniuliza kwa adabu kama asidi imezidi makali. Nilikwenda stoo nikaisoma tena lebo ya kopo. Zilikuwa fuwele, kila molekuli imebeba molekuli kumi za maji. Maji ni 18, mara kumi ni 180, ukiongeza 106 ni 286. Gramu zangu 5.3 zilikuwa na moli 0.0185 tu. Zaidi ya nusu ya nilichopima kilikuwa maji.

Gramu hazikudanganya. Mimi ndiye niliyeacha kuuliza ni gramu za nini.

Tangu siku hiyo nimeanza kuwaletea wanafunzi pakiti ya ORS, ile anayopewa mtoto mwenye kuharisha. Ningependa kila mzazi anayesoma barua hii aigeuze pakiti upande wa nyuma. Kwa fomula inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF tangu mwaka 2002, pakiti ya lita moja ina chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, potasiamu kloraidi gramu 1.5 na sitrati ya sodiamu gramu 2.9. Ukisoma kwa gramu, unaona sukari imeizidi chumvi mara tano, na mzazi anaweza kudhani hicho ni kinywaji kitamu kilichotiwa chumvi kidogo.

Geuza sasa kuwa moli. Glukosi 13.5 gawa kwa 180: milimoli 75. Chumvi 2.6 gawa kwa 58.5: milimoli 44 na nusu hivi. Sitrati, yenye maji yake mawili ya fuwele, moli yake ni gramu 294, kwa hiyo 2.9 ni kama milimoli 10, lakini kila moja inabeba sodiamu tatu, yaani 30. Jumlisha sodiamu ya chumvi na ya sitrati: karibu 75. Sodiamu 75, glukosi 75. Zimelingana!

Kila mwaka darasa hunyamaza hapo, na kila mwaka mimi mwenyewe hufurahi upya. Usawa ule una kazi yake. Kwenye ukuta wa utumbo mdogo kuna milango inayopitisha sodiamu pale tu inapoongozana na glukosi, na vikipita hivyo viwili, maji hufuata. Mtoto anaharisha, lakini milango ile mara nyingi bado inafanya kazi, na ndiyo inayomwokoa. Fomula ya zamani ilikuwa na glukosi gramu 20, yaani milimoli 111, na jumla ya chembe zote katika lita ilikuwa milimoli 311. Wataalamu wakaishusha hadi 245, kwa kuwa mmumunyo mzito kupita kiasi huvuta maji kuelekea kwenye utumbo badala ya kuyarudisha kwenye damu. Ndiyo maana pakiti ya lita moja inataka lita moja ya maji safi. Mzazi anayepunguza maji ili "iwe kali" anamzidishia mwanawe chembe, sio tiba.

Na kwenye pakiti hiyo utaona imeandikwa kwamba glukosi ni ile isiyo na maji. Kiwanda kikitumia glukosi yenye molekuli moja ya maji, moli yake inapanda kuwa 198, na ili kupata zile 75 kinapaswa kupima gramu 14.85. Neno moja la lebo, na gramu 1.35 zaidi. Najua wasomaji wengi watalipita neno hilo. Mimi siwezi tena, kwa sababu ya zile tisa za bureti.

Basi, Mhariri, ombi langu.

Kile kipande cha ukurasa wa afya hakikuwa na uongo. Kumi na moja ni namba ya kweli, na aliyeiandika bila shaka alitaka kuwasaidia watu. Lakini aliwaachia wasomaji namba uchi. Siku hizi ndugu zetu wako Marekani, Uingereza na Ghuba, wanatuletea mashine za kila namna kwenye mabegi yao, na maduka ya dawa mijini nayo yanauza za aina zote mbili, rafu moja. Mashine nyingine mtu akibonyeza vibaya zinahama zenyewe kutoka kipimo kimoja hadi kingine. Msomaji wako wa kijijini hana mwalimu wa kemia nyumba ya tatu.

Naomba kila mnapochapa namba ya sukari mwandike vipimo vyote viwili, kimoja kando ya kingine: 3.9 milimoli kwa lita, sawa na 70 miligramu kwa desilita, chini ya hapo sukari imeshuka. 7.0, sawa na 126, ambayo kwa mtu aliyefunga usiku kucha ndipo madaktari huanza kuzungumzia kisukari. 11.1, sawa na 200, kwa kipimo cha wakati wowote kwa mtu mwenye dalili. Haitachukua hata mstari mmoja wa ziada. Na mwandishi aongeze sentensi ya kumwambia msomaji aangalie maandishi madogo kwenye kioo kabla ya kuisoma namba, na asiongeze wala kupunguza dawa kwa sababu ya namba ngeni kabla ya kuzungumza na kliniki yake.

Nawaomba pia wauguzi wetu, ambao najua mzigo walionao, wanapomwandikia mgonjwa 7.4 waongeze "mmol/L" pembeni. Herufi tano na mkwaju mmoja. Muuguzi wa mama mkubwa tayari ameanza, baada ya kuusikia mkasa wetu.

Mama mkubwa ni mzima. Ile mashine bado anaitumia, kwa sababu ni ya mwanawe na hataki kuiweka kando. Nimemchorea daftari lake nguzo mbili: kushoto anaandika ya mashine, kulia anaandika baada ya kugawa. Aliishia darasa la nne na kugawa kwa 18 kulimpa tabu siku za kwanza, kwa hiyo nilimtengenezea jedwali kuanzia 54 hadi 360, linaloruka kumi na nane kumi na nane, nikalibandika ubavuni mwa kabati juu ya kile kipande cha gazeti lako. 54 ni 3, 72 ni 4, 90 ni 5. Mjukuu wake wa darasa la sita ndiye anayemsimamia.

Kama mhariri wa ukurasa wa afya atakubali, niko tayari kupitia namba zenu za maabara kabla hazijachapwa, bila malipo yoyote. Jioni za Ijumaa nakuwa nimemaliza kusahihisha.

Wako,
Mwalimu wa kemia,
Muheza, Tanga.